Neno la Kwanza la Sala

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua imeanza leo katikati ya matangazo. Ilipiga bati kwa nguvu hadi Mchungaji akafunga mdomo na kutusubirisha. Kwa hiyo sanduku limetolewa.

Kanisani kwetu ndivyo tunavyofanya: Jumapili ya kwanza ya mvua kila mtu anaandika ombi moja, bila jina, na kulitumbukiza katika sanduku la mbao lenye kufuli. Linakaa chini ya mimbari msimu mzima. Wazee wanaliwekea mikono kila ibada, lakini hakuna anayelifungua. Mvua zikiisha, karatasi zote zinachomwa uani bila kusomwa.

Langu nililiandika nyumbani jana, mawingu yalipoanza kukusanyika, kwa sababu mbele za watu mkono wangu hutetemeka. Sikutaka kuchana daftari la shule, nikachukua kipande cha zile karatasi za kahawia ambazo Mama huchorea vipimo kabla ya kukata nguo. Nalinakili hapa, nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliomba kitu kizuri zaidi:

"Mungu, wiki iliyopita nilimwona Baba yangu. Tunaambiwa yuko mbali, anajenga barabara. Alikuwa upande wa pili wa mji huu huu, dukani, amepiga goti anamfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto alimwita Baba. Aliinua macho akaniona, kisha akayarudisha kwenye kamba. Kama baba anaweza kuniona na asinione, nitajuaje kwamba wewe unaniona? Nionyeshe kwamba unanipenda. Sihitaji kikubwa."

Mama sijamwambia. Yeye bado anaamini habari za barabara.

Mwishoni tulisali sala ya Bwana. Wote walisema "Baba yetu." Mimi neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilianzia "uliye mbinguni."

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Jaribio la hesabu, kumi na nane kwa ishirini. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kifurushi kimekuja!

Nilikuwa nafagia maji mlangoni, Fundi Viatu akaniita kutoka kibandani kwake, ng'ambo ya njia. "Kamusi! Njoo uchukue mzigo wako kabla sijaupiga soli!" Jina hilo alinipa yeye, kwa kunikuta kila mara na kitabu, na sasa hata shuleni wananiita hivyo. Nikamuuliza nani kauleta. "Dereva wa lori, kama siku zote. Hakuzima hata injini. Haya, nenda, usije ukalowesha elimu ya taifa."

Kitabu, kimefungwa kwa karatasi na utepe wa kitambaa cha kijani, na ndani ya jalada, kwa penseli: Kutoka kwa Baba. Hiki ni cha saba tangu mwaka juzi. Kama vile vingine, kimechakaa, jalada limelegea na kurasa zimekunjwa pembe. Mwanzoni niliona haya kwamba ananitumia vitabu vikuukuu. Siku hizi naamini huwa anavisoma yeye kwanza, ndiyo maana.

Sasa sielewi. Alirudisha macho kwenye kamba za viatu, lakini kitabu ametuma. Labda ana aibu. Labda hawezi kuniangalia lakini hawezi kuniacha. Nimelala kitandani na kitabu kifuani, nikawaza kwamba pengine Mungu naye yuko hivyo: ana nyumba nyingi za kuangalia, yetu iko mwisho kabisa, lakini kifurushi hatumi kwa asiyempenda. Si haba.

Mama aliuliza, pini zikiwa mdomoni, "Kinasemaje kitabu cha baba yako?"

"Kizuri."

"Kizuri tu? Kitabu chote hicho, neno moja?"

Kila mara anauliza hivyo. Nikamsimulia sura mbili akiwa anakata. Tangu Septemba kanisa limempa kazi ya kushona majoho mapya ya kwaya, ishirini na mawili, yavaliwe siku ya kuchoma maombi. Yeye anakata na kuunga kwa cherehani, mimi napiga pindo kwa mkono.

Alhamisi, 16 Oktoba

Pindo tatu. Mvua. Vidole vinauma.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada nilibaki kumsaidia Mwalimu wa Vijana kupanga viti. Ni mtu mzima wa pekee ambaye nikiongea naye nafika mwisho wa sentensi. Hanimalizii. Nilimuuliza kama Mungu anaweza kumwona mtu halafu akageuza macho.

Alishusha kiti. "Swali hilo ni lako au la kitabuni?"

"La mtu."

"Huyo mtu ameliandika ombi lake?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi liko mahali salama," akasema, akapigapiga mfuko wa shati. "Ufunguo ninao mimi."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Lakini "Baba" bado sikulisema leo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua tangu Jumatatu. Mama anasema majoho yakikaa na unyevu hivi, kwaya itaota ukungu. Kumi na mawili tayari. Mwalimu wa zamu shuleni amenisimamisha mstarini: gauni limepanda juu ya magoti. Ni kweli, nimerefuka. Sikumwambia Mama, ana kazi nyingi.

Jumapili, 2 Novemba

Nitaandika yote. Nikiacha hata kidogo nitaanza kudhani niliyazua.

Mchungaji anaumwa, kwa hiyo Mwalimu wa Vijana ndiye aliyehubiri. Somo lilikuwa upendo wa Mungu. Alianza vizuri. Akasema Mungu hatoi kwa kupima, anamwaga. Nilikuwa nikiandika maneno yake kwenye kiganja. Kisha akasema, "Wapendwa, wiki hii bati lilivuja juu ya sanduku. Ilinibidi nilifungue nianike karatasi. Sikukusudia kusoma. Lakini moja ilinitazama usoni."

Akaitoa kwenye Biblia yake. Karatasi ya kahawia.

Alisoma yote, goti, kamba, viatu na kuona bila kuona. Alisoma vizuri, na sauti ilimkatika mahali panapostahili. Wakati akisoma aliiinua karatasi, na upande wa nyuma ukatuelekea sisi wa mbele, na mimi na Mama tukaona kwa pamoja penseli nene ya buluu: mkono, kushoto, joho la tisa. Mwandiko wa Mama.

Mama huwa anatikisa mguu kanisani, mazoea ya cherehani. Mguu ulisimama.

"Ndugu uliyeandika haya," Mwalimu akasema, "popote ulipo, Mungu anakuona!" Watu wakaitikia amina. Mama mmoja nyuma yetu alilia kwa sauti. Waliliombolezea ombi langu kama msiba wa jirani: kwa moyo wote, na hadi saa ya kula. Mimi nilitazama kiganja changu. Wino ulikuwa umeyeyuka kwa jasho.

Tulirudi chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika kwenye daraja la mbao Mama akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la buluu."

"La mikono mirefu, kola ya duara kidogo?"

"Nadhani."

"Nililishona mimi."

Nikasimama mvuani, mwavuli ukaenda na yeye. "Ulijua."

"Huu mwaka wa pili na nusu. Njoo, unalowa."

"Na habari za barabara?"

"Mwanangu, njoo, unalowa."

Nyumbani aliketi kwenye cherehani bila kuvua viatu. Nikasema, kwa sababu ndicho pekee nilichobaki nacho, "Lakini ananikumbuka. Vitabu anatuma."

Mama akaanza kukanyaga. Hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Sindano ilipanda na kushuka ikishona hewa, na yeye ameiinamia kana kwamba kuna mshono.

"Mama. Vitabu vinatoka wapi?"

Cherehani ikanyamaza. Macho yangu yakaangukia kapu la mabaki miguuni pake, lile ninalolimwaga kila Jumamosi tangu nikiwa mdogo. Mlikuwa na vitambaa vya sare za shule ya msingi alizoshona mwaka huu, za kijani, na juu kabisa tepe nyembamba, zilizokatwa kwa mkasi ulionyooka. Tepe zile zile. Nimefungua vifurushi saba vilivyofungwa kwa mabaki yaliyotoka kwenye kapu ninalolimwaga mimi mwenyewe, na mimi ndiye wanayeniita Kamusi.

Nilichukua vitabu vyote saba nikaviweka juu ya joho la kumi na sita. "Virudishe ulikovitoa," nikasema. "Wote ni waongo humu. Baba, wewe, na yule wa ufunguo."

Mama alivishika vitabu visianguke. Hilo tu.

Mungu, nilikuomba unionyeshe kwamba unanipenda. Umenionyesha kwamba hata kile kidogo nilichodhani ninacho hakikuwepo.

Jumatatu, 3 Novemba

Shuleni wawili wanaosali kwetu walikuwa wanasimuliana "lile ombi la viatu." Hawajui ni langu. Nilicheka nao. Nilicheka nao!

Jioni nilikwenda kibandani.

"Dereva wa lori," nikamwambia Fundi Viatu.

Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. "Kumbe siku yake imefika."

"Nani aliandika Kutoka kwa Baba?"

"Mimi. Mwandiko wa mama yako unaujua."

"Kwa nini mlinidanganya?"

"Kamusi, muulize fundi, usiulize sindano." Akaona sicheki. Akageuza kiatu alichokishika, akakitazama ndani kama aliyepoteza kitu. "Alisema mtoto akijua kasahauliwa anazeeka upesi. Mimi nikaona ni maneno tu. Sasa nakutazama hapo, una miaka kumi na sita na uso wa shangazi yangu."

Nikamwambia atafute shughuli nyingine ya kudanganyia watu. Ni neno baya zaidi nililowahi kumwambia mtu mzima. Akasema, "Haya, mama," kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Hatusemeshani. Majoho yanaongezeka kwenye kamba.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. "Chumvi iko wapi?" "Pale." Ndiyo mazungumzo ya leo yote.

Jumamosi, 8 Novemba

Mwalimu amekuja. Alisimama mlangoni akichuruzika maji, hakukaribishwa. Mama alikuwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilidhani halina jina..."

"Usiniambie mimi," Mama akasema. "Mwenye ombi ni yule."

Akanigeukia. Nilidhani atahubiri. Alisema, "Ulivyoniuliza siku ile ya viti, nilihisi ni lako. Nilipolisoma sandukuni nikahisi zaidi. Nikajiambia sina hakika, kwa sababu nilitaka mahubiri yawe mazuri." Akaweka karatasi ya kahawia mezani. "Ufunguo nimemrudishia Mchungaji."

Sikufika mwisho wa sentensi safari hii. Sikuanza hata.

Mama akaigeuza karatasi. "Mkono wa kushoto wa tisa," akasema. "Niliutafuta wiki nzima, nikakata kwa kukisia." Kisha akamwambia, "Inua mikono," akampima kifua, kwa sababu naye huimba kwaya na joho lake lilikuwa bado. Alimpima kwa kuvuta tepu kidogo zaidi ya lazima. Nilimwona.

Alhamisi, 13 Novemba

Joho la Mwalimu limefika kwangu kupigwa pindo. Nimepiga pindo lote, mishono midogo, sawasawa. Kisha nikaacha pini moja ndani ya kola, ncha ikitazama shingo.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilikuwa nimesahau jinsi Mama anavyokagua. Kabla nguo haijatoka, anapitisha kiganja kitupu ndani yake yote, polepole, kola hadi pindo. Ameshafanya hivyo maisha yangu yote, na mimi nikasahau.

Nilisikia akivuta pumzi. Damu ilikuwa kwenye kiganja, tone moja kubwa. Akaitoa pini, akaitazama, akaitambua. Zangu zina vichwa vyekundu.

"La nani hili?"

"La Mwalimu."

Mama alinyonya kiganja. Nilingoja. Akasema, "Ingemchoma akiwa kwenye ile sauti ya juu," na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Na mimi nikacheka. Kisha kweli nikalia, nikasema samahani, samahani, nikimshika mkono ule, na sijui nilikuwa namwomba radhi ya pini au ya vitabu.

"Vua gauni la shule," akasema. "Unadhani sioni magoti?"

Nilikaa na kanga nikimtazama akifumua. Upindo wa kwanza ulifumuka, kikashuka kitambaa. Kisha akafumua tena: ndani ya upindo ule mlikuwa na upindo mwingine. Kitambaa kipya kabisa, rangi yake haijawahi kuona jua, karibu kiganja kizima.

"Hiki kilikuwa humu siku zote?"

"Tangu nilipolikata. Nguo ya mtoto haikatwi kwa kipimo cha leo."

Nikamuuliza alivyokuwa anachagua vitabu, maana Mama aliishia darasa la nne. Alisema huenda kwa muuza vitabu vya mitumba, na kwa kuwa hawezi kujua kipi ni kizuri, anachukua kilichochakaa kuliko vyote. "Kitabu kikichakaa, kimependwa na wengi. Nikasema, wakikipenda hao, na wewe huenda."

Kurasa zile zilizokunjwa pembe. Miaka miwili nimezipapasa nikidhani ni vidole vyake yeye.

"Kwa nini uliandika jina lake?"

Uzi ulipita tunduni mara ya tatu. "Niliogopa ukimchukia, lile neno kanisani litakukwama."

"Limenikwama."

"Najua. Nakusikia. Lilinikwama mimi kwanza." Akakata uzi kwa meno. "Mimi huanzia 'uliye mbinguni.'"

Miaka miwili na nusu nimesimama kando yake nikisali kwa sauti, nisimsikie.

Bado nina hasira naye. Niliandike hilo, kwa sababu ni kweli: alinidanganya mara saba, na siku ile dukani ingeniuma kidogo kama ningejua. Lakini leo nimelitazama gauni muda mrefu. Nilidhani Mungu ni kama baba aliye mbali anayenirushia kitu kila muhula, na nilikuwa tayari kuridhika na hicho. Sihitaji kikubwa, nilimwandikia, kana kwamba namhurumia. Na wakati huo huo palikuwa na mtu hatua tatu kutoka kitandani pangu, akinipa na kuacha shukrani iende kwa mwingine. Vitabu vilikuwa vya kweli. Jina tu ndilo lililokuwa la uongo. Sasa najiuliza Mama alijifunza kwa nani kutoa namna ile, maana si kwa Baba, wala si shuleni. Nadhani namjua. Nadhani kabla sijazaliwa Mungu aliniachia kitambaa ndani, na mimi nimekuwa nikimlilia magoti yakiwa wazi.

Nimevirudisha vitabu saba kitandani. Nimefuta Kutoka kwa Baba kwenye kimoja. Kwenye vingine nitafuta taratibu.

Jumanne, 18 Novemba

Nimempelekea Fundi Viatu viatu vyangu vya shule na samahani. "Kipi nianze kushona?" akauliza.

Alhamisi, 20 Novemba

Jua! Majoho ishirini na mawili kwenye kamba, yakipepea kama kwaya isiyo na watu.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua zimeisha. Baba hajaja, na sidhani atakuja. Naandika hivyo na mkono umetulia.

Kwaya iliingia. Mwalimu alikuwa mstari wa nyuma, na pindo lake ndilo lililonyooka kuliko yote. Hatukusemeshana. Aliniinamishia kichwa, nami nikainamisha changu nusu. Hiyo nusu ndiyo niliyokuwa nayo leo.

Tulisimama kusali. Watu wote walisema "Baba yetu," na nilipotaka kuanzia pale ninapoanzia siku hizi, nilimsikia Mama kando yangu akimeza. Alikuwa analitaka neno lile, likirudi. Mama ambaye amenikatia nguo miaka kumi na sita kwa kipimo cha kesho, anasimama mbele za Mungu na hana neno la kumwitia.

Sikupanga. Nikasema, "Baba."

Kwa sauti, mimi ambaye hata jina langu darasani huitikiwa na jirani. Mama akanishika mkono, kiganja chake chenye alama ya pini, na akasema naye, "Baba."

Lakini wenzetu walikuwa wameshafika mbinguni. Tukawa nyuma yao kwa maneno, mimi na yeye, na hatukukimbilia kuwafikia. Tulisali yote hivyo. Walipomaliza kanisa likanyamaza, na katika kimya hicho sauti zetu mbili zikabaki zikitembea peke yao hadi mwisho, na amina yetu ikaja baada ya amina zote. Watoto wa mbele wakageuka wakacheka.

Uani walichoma karatasi. Langu sikulitia motoni. Nimelibandika hapa, upande wa Mama, ule wa mkono wa kushoto wa tisa, ukitazama juu.